Wiki tisa, alama 97

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimba yangu ilitoka ikiwa na wiki tisa. Sasa ni miezi sita na usingizi siupati. Nilipokwenda kliniki kuomba dawa, nesi akanipa fomu ya kauli 33 niijaze. Akajumlisha, akasema nimepata 97, nirudi wiki ijayo nionane na mshauri nasaha. Wifi yangu alicheka: "Ile si ilikuwa damu tu? Siku hizi hata kilio kinapimwa?" Kweli majonzi yanapimwa kama presha? Na hiyo 97 ndiyo kusema nimechanganyikiwa? Mume wangu hasemi neno. Mwezi huu amepaka rangi geti mara mbili.
Mama wa Wiki Tisa

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nahisi pole yenyewe hukuipata.

Hujachanganyikiwa. Fomu hiyo naijua. Ni ufupisho wa kipimo kirefu cha majonzi ya kupoteza mimba au mtoto mchanga, kilichotungwa Marekani mwaka 1988. Kila kauli unaipa alama 1 hadi 5, kwa hiyo jumla haishuki chini ya 33 wala haizidi 165. Ikivuka 91, tunajua huyu mama amelemewa, asiachwe peke yake. Basi. Si cheti cha wazimu.

Ila mimi jumla huiangalia mwisho. Kauli zile zina mafungu matatu ya 11: la kumkumbuka na kumlilia uliyempoteza, la kushindwa kazi na watu, na la kukata tamaa. Wawili wanaweza kupata 97 sawasawa, mmoja analia sana lakini anakula na kuongea, mwingine halii kabisa ila haoni sababu ya kuamka. Huyo wa pili ndiye anayeninyima usingizi. Ukirudi, muulize nesi alama zako zimelalia wapi. Na ikiwa wazo la kufa linakupitia, usingoje wiki ijayo, nenda leo.

Wifi yako mweleze hivi: fomu hiyohiyo hujazwa na aliyepoteza mimba changa na aliyezika mtoto mchanga, na hakuna aliyekatiwa kiwango cha kulia kwa idadi ya wiki. Lakini nami nisijifanye mwema. Nilipoanza ukunga nilimwambia mama mmoja, "Bado kijana wewe, utapata mwingine." Akafungua pochi, akatoa kile kijiti cha kupimia mimba, amekizungushia leso. Mistari yake miwili ilishafifia, mpaka ukielekeze dirishani ndipo uione. Akaniuliza, "Na huyu je?" Sikuwa na jibu. Kauli ile sijairudia.

Hukuuliza, lakini karibu wote huuliza mlangoni wakishaaga: nilifanya nini? Ndoo niliyobeba? Ule ugomvi? Hapana. Takriban nusu ya mimba zinazotoka mapema huwa na kasoro ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe za mwili, kasoro iliyokuwapo tangu yai na mbegu zilipokutana, kabla hujajua kama una mimba.

Dawa ya usingizi zungumza na daktari, siikatai. Ila nimepiga hesabu: wiki tisa, ukiongeza miezi sita, basi tarehe uliyokuwa ujifungue inafika mwezi ujao. Wengi huzidiwa tena siku zile, wakadhani wamerudi nyuma. Mwambie mshauri tarehe hiyo mapema. Siku yenyewe usipange kazi nzito, na mwombe mtu mmoja tu unayemwamini aje akae nawe, hata kama hamtaongea.

Kuhusu mumeo, fomu ile hata wanaume huijaza, nenda naye akikubali. Akikataa, usimlazimishe kusema. Mshikie kopo la rangi, umtajie ile tarehe. Huenda anaijua.