Ulizeni habari ya choo kabla hamjagusa kiuno

Intani wapya wa fiziotherapia, wiki hii nimesoma mafaili yenu ya maumivu ya nyonga. Mna mikono mizuri na mnaandika vizuri: kiuno kinauma, mguu umeinuliwa, rifleksi ziko sawa, mpango ni joto, kuvuta na mazoezi. Kuhusu choo, hakuna hata mstari mmoja. Tumelisema hili kila mwaka, jamani!

1. Neva za S2, S3 na S4, zile zinazotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, ndizo zinazohudumia kibofu, puru, misuli ya sakafu ya nyonga na tendo la ndoa. Kiunoni zinapita karibu na katikati ya mfereji wa uti. Diski, ule mto ulio kati ya pingili, ya L4-L5 au L5-S1 chini kabisa ya kiuno, ikitokeza katikati inaweza kuzibana na kuziacha za mguu salama, kwa hiyo kipimo cha mguu kitawadanganya.

Alikuja mama mmoja kutoka Mbagala, fundi cherehani. Alikuwa amemaliza dozi nyingi za UTI ilhali mkojo wake ukipimwa hauna vijidudu. Ultrasaundi ya kizazi ilikuwa safi. Nyumbani walishaanza kusema ni jini mahaba. Kijana wetu mmoja, mwenye bidii kweli, alimtibu kiuno wiki kadhaa na kila mara akaandika “anaendelea vizuri”. Hakumuuliza kitu, na mama naye angeanzaje kumwambia mtoto wa rika la mwanawe? Siku kijana hayupo, dada mmoja wa zamu alivuta pazia, akakaa, akamuuliza taratibu: “Mama, ukienda haja ndogo, mkojo unaisha?” Mama akalia. Alikuwa anasimama chooni muda mrefu akibonyeza tumbo. Kwenye daladala alikalia tako moja. Tendo la ndoa lilimuuma mno, na mumewe alidhani anamkataa. Yote yalianza pamoja na kiuno, na sisi tulikuwa tunamsifu kwamba mgongo umelegea! Alipimwa hisia za makalioni na sehemu za siri, zilikuwepo. MRI ikaonyesha diski imetokeza katikati. Daktari wa mifupa akasema si dharura, tuendelee bila upasuaji. Tulimvuta polepole kwenye kitanda kinachokunjika, bila kumvunja-vunja mgongo, na kila alipokuja tulimuuliza choo kwanza. Maumivu yalipungua, baadaye na mkojo ukaanza kutoka wenyewe. Ningependa kila mmoja wenu ajiulize ni wangapi wametoka mikononi mwake bila kuulizwa.

2. Uvutaji huo ni wa kiropraktiki, fani ya kutibu uti wa mgongo kwa mikono, njia ya James Cox wa Marekani. James Browning aliutumia kwa wagonjwa wa namna hii na kuandika habari zao mwaka 1988. Ni kazi ninayoiheshimu, lakini ushahidi wake mwingi ni ripoti za mgonjwa mmoja mmoja, kwa hiyo msiahidi. Palmer, mwanzilishi wa kiropraktiki, alidai mwaka 1895 kwamba alirudisha usikivu wa Harvey Lillard kwa kusukuma pingili, na ahadi kubwa zimeiandama fani hiyo tangu hapo. Mwambieni mgonjwa: tutajaribu, tutapima, isiposaidia tutabadilisha.

3. Ganzi sehemu anayokalia, mkojo umegoma, choo kinavuja, miguu yote miwili inalegea: msimpandishe kitandani. Anakwenda dharura siku hiyo hiyo, MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, ikiwezekana, maana hapo saa zinahesabiwa na anaweza kuhitaji upasuaji. Anayekonda na kutokwa jasho usiku, fikirieni TB ya uti wa mgongo. Pingili iliyoliwa haisukumwi. Damu kwenye mkojo? Huku pwani tuna kichocho, mpelekeni maabara. Mwanamke aliyekosa siku zake apimwe mimba kwanza.

4. Mazoezi ya Kegel, ya kubana misuli ya sakafu ya nyonga, si ya kila mtu. Arnold Kegel aliyaeleza mazoezi yale mwaka 1948 kwa wanawake ambao misuli yao imelegea baada ya kujifungua. Wengi wa wanaokuja kwetu na maumivu misuli yao imekaza kama kamba ya jahazi, na ukiwaambia wabane unawazidishia. Waanze na kupumua kwa tumbo na kulegeza. Kabla ya kupima misuli hiyo elezeni mnachokwenda kufanya, ombeni ruhusa, na awepo mhudumu mwingine. Vijana wa kiume, mkiona mama anaona haya, mwiteni dada wa zamu aulize yeye. Mama wa watu asisubiri wiki kadhaa kwa sababu ninyi mnaona aibu.