Vim haioni nilichoweka, na sitaki kuifunga

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma chuo hapa Dodoma, nimepanga Nkuhungu. Nina programu ndogo ya Python, mvua.py, inayojumlisha vipimo vya mvua vya shamba letu la zabibu kule Hombolo. Mahali mafaili yalipo inapajua kupitia kigezo cha mazingira, yaani jina lenye thamani ambayo programu huisoma ikiendeshwa, nilichokiita MVUA. Jana Vim, kihariri ninachoandikia programu, ilikuwa wazi tangu asubuhi, mafaili tisa, madirisha nimeyagawa ninavyopenda. Nikafungua terminali nyingine, nikaandika export MVUA=/srv/mvua, nikarudi kwenye Vim kuiendesha kwa :!python3 mvua.py. Ikanijibu KeyError: 'MVUA', yaani kigezo hicho hakipo. Kule terminali nikiandika echo $MVUA, kipo! Lazima niifunge Vim? Na nywila ya hifadhidata, nayo niiweke hivyo hivyo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiifunge.

Umedhani Vim na ile terminali vinakula sahani moja. Sivyo. Programu ikianza, hupewa nakala ya vigezo na aliyeiita, na baada ya hapo kila mmoja na chake. Ni kama kumfungia mtoto begi la bweni: basi likishatoka stendi ya Nanenane, sabuni utakayonunua saa nne unabaki nayo mwenyewe. Vim yako iliondoka asubuhi. Export yako imekuja mchana, tena kwenye nyumba ya jirani.

Mwambie Vim mwenyewe. Bonyeza Esc, kisha andika:

:let $MVUA = "/srv/mvua"

Hakikisha kwa :echo $MVUA, halafu endesha tena. Python hapo inaitwa na Vim, kwa hiyo itarithi. Ile dola usiisahau. Ukiandika MVUA bila dola, umetengeneza kigezo cha Vim tu, Python haitakiona, na Vim haitakulalamikia hata neno moja. Wanaoniletea laptopu hapa Makole wengi wamekwama hapo hapo. Kingine: ukiandika "~/mvua" ndani ya alama za kunukuu, kile kiwimbi kinabaki kiwimbi, hakigeuki kuwa nyumbani kwako. Tumia expand("~/mvua"). Na kama ulikuwa umeshafungua :terminal humo humo ndani ya Vim, hiyo nayo ilishaondoka na begi lake, fungua mpya.

PATH, kigezo chenye orodha ya folda ambamo amri hutafutwa, iguse kwa adabu. Mimi mwenyewe siku moja, nikiwa na haraka ya kuwahi daladala, niliandika :let $PATH = "/opt/java/bin". Java ikapatikana, ila :!ls ikajibu kwamba amri hiyo haipo. Nilikuwa nimefuta njia zote za zamani. Ongeza, usibadilishe:

:let $PATH = $PATH . ":/opt/java/bin"

Ukifunga Vim yote haya yanayeyuka, na kwa jambo la siku moja ndivyo inavyofaa. Cha kudumu kiweke kwenye .bashrc, faili linalosomwa terminali inapofunguka, ufungue terminali mpya, na Vim uiite kutoka humo. Ukiifungua kwa kubofya ikoni, usishangae .bashrc isiposomwa.

Mwenzako anayetumia kihariri kingine, Emacs, maana najua mnabishana, yeye atumie M-x setenv (M-x ni Alt pamoja na x). Itamuuliza jina, kisha thamani. Ila akibadili PATH akumbuke kwamba Emacs yenyewe hutafuta programu kwa orodha nyingine, exec-path, nayo haibadiliki yenyewe.

Nywila sasa. Hapana, usiiandike hivyo. Kila unachoandika baada ya nukta mbili huingia kwenye historia ya amri, na historia hiyo kwa kawaida Vim huihifadhi kwenye faili la .viminfo. Atakayeazima laptopu yako atabonyeza nukta mbili na mshale wa juu, basi. Fanya hivi:

:let $NYWILA = inputsecret("Nywila: ")

Utakachoandika kitaonekana nyota tupu, na kwenye historia itabaki amri bila nywila yenyewe. Ukimaliza kazi, :unlet $NYWILA. Ikikukatalia, Vim yako ni ya zamani; andika :let $NYWILA = "" na siku ukipata bando uisasishe.