Kabla ya kumlaumu mnunuzi, uliza habari za dola na meli

Machi 2024 nilisimama kwenye banda letu la kukusanyia avokado huko Kandara, Murang'a, nikiwa na daftari la chama mkononi, nikawasomea wanachama bei ambayo hakuna aliyetaka kuisikia. Ilikuwa chini kuliko ya mwaka uliotangulia, ilhali matunda yalikuwa mazuri na mvua haikutunyima kitu. Shosho (bibi) mmoja tunayepakana naye shamba aliniambia mbele ya wote, "Mwanangu, tuliwatuma mkaongee na mnunuzi, ndio mmerudi na hii?" Nilikosa jibu. Moyoni nilikuwa na hakika kwamba mnunuzi, anayesafirisha avokado zetu kwenda kuziuza Ulaya, ametupunja.

Miezi kadhaa ilipita kabla sijaelewa mambo yaliyotupata. Nayaandika kwa ajili ya yeyote anayefikiria kupanda Hass, ile aina ya avokado tunayouza nje, au aliyekwisha panda na sasa anahangaika na bei.

La kwanza ni dola. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia mwisho wa Machi ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Sote tulifurahi, maana petroli na mbolea zilitarajiwa kupungua bei. Lakini hebu piga hesabu ya katoni moja ya kilo 4 inayombakishia mnunuzi, tuseme, dola 5. Kwa 160 hiyo ni shilingi 800. Kwa 130 ni shilingi 650. Shilingi 150 zimetoweka na hakuna aliyeziiba. Vibarua, lori la kwenda Mombasa na katoni zenyewe bado analipia kwa shilingi, kwa hiyo anapotafuta pa kupunguza, panapobaki ni kwa mkulima. Siku hizi, kabla ya kikao chochote cha bei, naangalia kwanza dola iko wapi na ilikuwa wapi miezi mitatu iliyopita.

La pili ni meli. Tangu Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walikuwa wakishambulia meli katika Bahari ya Shamu, na kampuni nyingi za meli zikaacha kupitia mfereji wa Suez. Mzigo wa Mombasa kwenda bandari ya Rotterdam, Uholanzi, ambao kwa kawaida hukaa njiani kama wiki nne, ukalazimika kuzunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Hapo safari inaongezeka kwa takriban wiki mbili, na nauli inapanda vilevile. Avokado ni tunda linalopumua hata likiwa ndani ya kontena la baridi. Mnunuzi alinionyesha kwenye simu picha ya katoni iliyofunguliwa Uholanzi: matunda meusi, yamelegea, ukungu mweupe umeanzia pale kikonyo kilipokatwa. Mengine yalikuwa yetu. Niliyatambua kwa nambari ya chama kwenye katoni, na siku ile nilinyamaza kabisa.

Kuna Peru pia, na hii wengi wetu hatuifikirii kabisa. Wana mashamba makubwa ya kumwagilia maji katika jangwa la pwani, na mavuno yao hufurika Ulaya kuanzia karibu Mei hadi Agosti, wakati sisi pia tumo katikati ya msimu wetu. Meli zao haziipiti Bahari ya Shamu. Mwaka ule wao walifika kwa muda wa kawaida, sisi tukafika tumechelewa na tunda limechoka. Chama chenye miti inayokomaa mapema, kikauza Machi na Aprili, hupata nafasi kidogo kabla soko halijajaa. Asiyeweza, ajue mapema kwamba bei ya Juni si ya Machi, asikope kwa matumaini ya Machi.

Hayo yote mkulima hayawezi. Ukomavu anauweza, na hapa naomba unisikilize vizuri. Broka huja shambani kabla ya wakati na pesa taslimu, na ada ya shule haingoji. Tunda changa halitaiva hata ukilisubiri mwezi. Hukunjamana na kuwa kama mpira. Likifika Ulaya hivyo, jina la Kenya nzima huchafuka, na bei ya wiki inayofuata inamshukia hata aliyevuna vizuri. Ndiyo maana mwishoni mwa kila mwaka serikali husimamisha usafirishaji kwa meli mpaka matunda yakomae.

Sisi sasa tunapima wenyewe. Tunapasua tunda, tunakwaruza nyama yake kwa kikwaruzo cha karoti, tunapima gramu 10 kwenye mizani ndogo, kisha tunaikausha kwenye maikrowevu kidogo kidogo hadi uzito usibadilike tena. Zikibaki gramu 2.4, hiyo ni asilimia 24 ya sehemu kavu ya tunda, na ndicho kipimo cha ukomavu. Kwa Hass, Ulaya inataka angalau 21, ila mnunuzi wetu anadai 24 kwa sababu ya safari. Huna mizani? Pasua tunda uangalie ganda la kokwa. Likiwa bado jeupe na nene, usichume.

Kuhusu masoko mapya, China ilifungua mlango kwa avokado zetu mbichi mwaka 2022, na mkataba wetu wa biashara na Umoja wa Ulaya ulianza Julai 2024, kwa hiyo Ulaya ushuru si tatizo letu. Tatizo ni kukaguliwa. Maembe ya Kenya yalikaa nje ya soko la Ulaya tangu 2014 hadi 2021 kwa sababu ya nzi wa matunda tu. Sajilini mashamba na mweke rekodi za dawa hata kama leo hakuna anayeziuliza. Na katika mkataba na mnunuzi, andikeni bei itabadilika vipi dola ikipanda au ikishuka, na nani anabeba hasara meli ikichelewa. Sisi hatukuandika.

Februari iliyopita shosho alikuja bandani na matunda matatu kwenye kiondo, akitaka yapimwe. Yalitoka 21. Aliniuliza, "Meli bado zinazunguka?" Nikamwambia ndiyo, nyingi bado. Akayarudisha kiondoni, akasema atakuja tena baada ya wiki tatu.