Leo Mwezi Ngapi? Maneno kwa Wepya wa Mitaro

Wiki iliyopita nilimkuta kijana wetu mpya kasimama mdomoni mwa mtaro, suruali haina hata tone la tope, anapiga picha. Maji yanakwenda baharini vizuri. Akaandika kwenye ripoti: "Mtaro unafanya kazi." Nikamuuliza, leo mwezi ngapi? Akanitajia tarehe ya kwenye simu, na mimi naulizia mwezi wa angani umefika siku ya ngapi. Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana kosa hilo nililitenda mimi yeye hajaanza skuli.

Basi nyinyi mlioingia kitengoni mwaka huu, nisikilizeni kabla masika hayajatukuta.

1. Mwezi kwanza, mchoro baadaye. Bamvua, yaani maji makubwa ya bahari yanayokuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hapa Unguja hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na kati ya kupwa na kujaa kina hupishana karibu mita 4. Ukienda kukagua saa nne asubuhi siku ya bamvua, bahari imekwenda zake mbali, mtaro gani hautapitisha maji?

Mimi nilikabidhiwa mtaro wa mtaa mmoja wa bondeni. Jina silitaji, wenyewe wapo na hawajasahau. Mdomoni palikuwa na mlango wa chuma uliotundikwa kwa bawaba juu: maji ya mvua yakiusukuma unafunguka, bahari ikiusukuma unajifunga. Ulishaliwa na kutu, umeganda karibu na kufunga, na nyuma yake pamejaa majani, chupa na godoro zima. Nikasema ugonjwa ndio huu. Nikawaambia mafundi waukate. Bibi mmoja aliyekuwa akianika dagaa pale jirani akauliza, "Na maji ya huku je, mwanangu?" Akaonyesha bahari kwa kidevu. Nikamjibu, "Bibi, usiwe na wasiwasi, tunaleta mwengine." Huo mwengine ulikuwa bado mstari mmoja kwenye karatasi ya manunuzi.

Wiki mbili nilikuwa shujaa. Sheha, kiongozi wa serikali pale mtaani, alinisifu kikaoni, nami sifa nikazipokea zote.

Wiki ya tatu, mwezi kumi na sita, mvua ilianza baada ya adhuhuri. Saa tisa na nusu simu ya sheha: "Injinia, maji yanapanda." Nikamwambia kwa ujasiri, hayawezi kupanda, Sheha, mtaro uko wazi. "Nakwambia yanapanda. Na yana chumvi."

Hilo la chumvi likinijia usiku mpaka leo, nakaa kitako. Nilipofika, mvua inateremka kutoka juu, bahari inaingia pale nilipokata mlango, na wawili hao wamekutana ukumbini kwa watu. Magodoro juu ya meza, madaftari ya watoto yanaelea, mchele wa mwezi mzima umelowa. Yule bibi alikuwa juu ya kitanda, kapandisha miguu, kakumbatia cherehani yake. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Ule mwengine uko wapi, mwanangu?" Bora angenitukana.

Ule mwengine ulikuja baada ya miezi mitatu. Kati hapo, kila bamvua, nilikwenda saa nane za usiku na vibarua wawili kuziba mdomo kwa viroba vya mchanga, na mvua ikinyesha tunavitoa maji yakishapwa. Mgongo huu mnaouona hausababishwi na uzee.

2. Usiking'oe cha zamani mpaka kipya kiko saiti, umekigusa kwa mkono.

3. Tope mlilozoa liondoke siku hiyo hiyo. Likilala ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha ndani na mkandarasi anakuletea hati ya malipo mara ya pili.

4. Barabara ni mtaro pia. Ukitandika lami juu ya lami, njia inapanda na nyumba zinabaki shimoni. Ukitaka kufunga njia, wafuate madereva wa daladala kituoni, tangazo hawalisomi. Na msishangae maji kung'ang'ania kwenda Darajani. Mmoja wenu aliniletea mchoro akilalamika kwamba maji "hayafuati mpango". Bwana mdogo, pale palikuwa na mkondo wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na daraja juu yake. Mkondo ulifukiwa karne iliyopita. Mpango wako ndio mgeni.

5. Msiniambie Zanzibar haina vimbunga. Aprili 1872 kimoja kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja merikebu za Sultani Sayyid Barghash bandarini. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita karibu, tukalala macho. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, kagueni mifuniko ya chemba, nambari za masheha, pampu na mafuta yake. Mwaka mmoja pampu yetu ilikuwa nzima kabisa, mafuta yamejaa, ila aliyekuwa na ufunguo wa stoo alikuwa Pemba harusini. Tulivunja kufuli kwa jiwe, na barua ya kujieleza nikaandika mimi.

Jumamosi ni mwezi kumi na sita. Saa kumi jioni nitakuwa pale mdomoni. Anayetaka kuona aje, na viatu vya mpira alete vyake, maana vya ofisi mguu wa kushoto umetoboka.