Dogo wa Moshi, toa mkono kwenye hiyo darubini

Dogo, acha. Usipige hata moja zaidi mpaka umalize kusoma hapa.

Umesema gobore lako la .50 (upana wa mtutu, nusu inchi) lenye darubini, hilo la kushindilia baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, linatawanya risasi kwenye mita 100, mara kulia, mara juu, na kuna fundi kakwambia upandishe baruti hadi greini 150 (greini ni kipimo kidogo cha baruti), halafu kila risasi ikienda pembeni uzungushe vifundo vya darubini vinavyosogeza shabaha, uifuate. Aisee, niliposoma hivyo moyo ulinipasuka. Maneno hayohayo nilipewa mimi hapa Arusha, nikayaamini, na yakanikosesha msimu mzima wa kazi.

Nilikuwa natunza ghala la silaha la kampuni ya uwindaji. Mwezi wa sita, ile baridi ya kukaza vidole, bosi akaniletea gobore la kisasa la mgeni wake, vibali vyote vipo. Akanipa siku tatu nilirekebishe shabaha yake, na risasi 40 zenye saboti, kile kikombe cha plastiki kinachoikumbatia risasi ndani ya mtutu. Nilizunguka mjini kutafuta nyingine za aina ile, sikupata hata moja. Arobaini tu, basi.

Fundi mmoja wa mjini, anayejisifu kwamba ameshika kila bunduki iliyopita mkoa huu, akanielekeza kama ulivyoelekezwa wewe. Risasi ya kwanza ikapiga kulia sentimita kumi. Nikazungusha darubini. Ya pili ikapiga juu. Nikazungusha. Ya tatu ikarudi kushoto kuliko nilivyoirudisha. Nikaongeza baruti, nikabadilisha fataki, kile kidude kinachowasha baruti, nikazungusha tena. Hadi jioni ya siku ya pili nilikuwa nimepiga 34 na karatasi imekuwa kama chujio. Anayetaka kucheka acheke, ila aniwekee kwanza picha ya karatasi yake ya siku ya kwanza.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja askari wanyamapori mstaafu, aliyekuja kumsalimia mlinzi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasimama kuniangalia nikishindilia. Akaniuliza, "Mwanangu, mdeki mbona umebaki nje zaidi kuliko mara ya kwanza?" Nikaiangalia ile fimbo ya kushindilia. Ilikuwa imezidi upana wa vidole viwili. Risasi haikuwa imekalia baruti! Ilikuwa imekwama juu ya masizi, na mimi nilikuwa natafuta fataki nipige. Risasi ikiachia nafasi kati yake na baruti, mtutu unaweza kufura au kupasuka. Mpaka leo nikikumbuka mikono inapoa.

Elewa kinachotokea humo ndani. Nilitumia Triple Seven, na wewe umesema ni hiyohiyo. Ni baruti nzuri na ina nguvu kuliko baruti nyeusi ya zamani, lakini kila mlipuko unaacha pete ngumu ya masizi palepale risasi inapokaa. Risasi ya kwanza inapita mtutu safi, ya pili mtutu mchafu, ya tatu mchafu zaidi, tena mtutu umeshapata moto na plastiki ya saboti inalainika. Hizo ni bunduki tatu tofauti, dogo. Sasa wewe unaizungusha darubini kufuata ipi? Kwenye mita 100, darubini ya robo dakika (dakika ya pembe, siyo ya saa) inasogeza shabaha kama milimita 7 kwa kila kliki, yaani kila mlio mmoja wa kifundo. Mimi nilikuwa nazungusha kliki ishirini kwa hasira, karibu sentimita 15, kurekebisha kosa ambalo halikuwa la darubini. Risasi inayofuata inakuja na kosa lake, inajumlisha na langu.

Mzee akanikataza kugusa darubini. Tukarudisha baruti hadi 80, kwa kipimo cha ujazo, siyo mizani. Kitambaa kimoja chenye unyevu ndani ya mtutu, kisha kimoja kikavu, kila baada ya risasi, bila kuruka. Tukachora alama kwenye mdeki kuonyesha risasi ilipofika chini. Tukasubiri mtutu upoe hadi unashikika, tunakunywa chai. Kitako cha bunduki kwenye mifuko ya mchanga. Tukapiga tatu. Zote tatu zilikaa chini kushoto, mbali kabisa na katikati, lakini unazifunika kwa kikombe cha kahawa. Hapo ndipo akasema, "Sasa zungusha." Nikazungusha mara moja tu. Zikabaki risasi tatu za kumkabidhi mwenyewe.

Bosi alihesabu risasi zilizobaki. Julai wenzangu wakapanda magari kwenda kambini, mimi nikabaki mjini kupaka bunduki mafuta. Kwa kazi yetu mshahara ni wa kula, bahashishi za wageni ndizo ada za watoto. Yule fundi nilimfuata. Akaniambia eti nilizungusha upande usio sahihi. Nilitoka dukani kwake natetemeka, na hadi leo sipiti mtaa ule.

Kwa hiyo: darubini haiguswi mpaka matundu matatu yakae pamoja, kwa mtutu uliofutwa sawasawa kila mara. Ukitaka kubadilisha, badilisha kitu kimoja, piga tatu, tazama. Anza na 70, panda greini tano tano, na usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa na mtengenezaji wa bunduki yako. Hiyo 150 ya fundi wako isikuingie kichwani. Na ile baruti isiyo na moshi ya risasi za kisasa, hata kijiko kimoja usiweke humo, itakutoa mkono.

Anza mita 25 ili uone karatasi, na kumbuka hapo kliki moja inasogeza robo tu ya inavyosogeza kwenye mita 100.

Najua uliuliza pia darubini ipi ununue na mafuta gani ya kutunzia. Wengine watakujibu, mimi hilo sina haraka nalo. Jumamosi ukienda, futa, piga tatu, poza, halafu nitumie picha ya karatasi kabla hujagusa kifundo chochote. Nitakuwa macho.