Utepe wa Zari kwenye Sari ya Shifoni

SWALI: Nimenunua utepe wa zari (uzi wa mapambo unaong'aa) uliotoka Surat, India, ili upambe pindo la sari ya shifoni, lakini ukipigwa cherehani kitambaa hukunjamana. Nifanyeje, na nitajuaje kama zari ni halisi?

JIBU: Ndugu msomaji, shifoni ni nyepesi na utepe ni mzito, hivyo cherehani huvivuta kwa nguvu zisizolingana. Mwombe fundi aulaze utepe bila kuunyoosha, aupige bandi (mshono mwepesi wa muda wa kuushikiza), kisha ashone kingo zote mbili kwa mkono akitumia sindano nyembamba. Kazi hiyo ni ya polepole, lakini sari nzuri inastahili.

Zari halisi, ambayo Surat imesifika kwayo, ni uzi wa hariri uliozungushiwa waya mwembamba wa fedha uliopakwa dhahabu, ingawa nyingi zinazouzwa leo ni za shaba au plastiki inayong'aa. Fumua uzi mmoja kwenye ncha ya utepe na uuchome: plastiki huyeyuka na kuganda kama shanga, ilhali hariri huacha majivu yanayosagika kwa vidole. Ikiwa ni ya fedha, usiipulizie manukato, kwani huifanya iwe nyeusi, na uihifadhi ndani ya kitambaa cha pamba.