Mume wangu anadhani simtaki tena

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, naishi Mombasa, na huu ni mwaka wa 4 tangu nigunduliwe kuwa na ugonjwa wa neva uitwao MS (multiple sclerosis). Sehemu zangu za siri zimekufa ganzi, nachelea kujikojolea kitandani, na mume wangu anadhani simtaki tena. Nimekuwa mke wa namna gani?"

Marahaba, mwanangu. Namna unavyojihukumu imeniuma, kwa kuwa hukutenda kosa lolote. Katika MS, kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, na kwa vile hisia za tendo la ndoa hupita njia hiyo hiyo, basi ganzi, ukavu wa uke na kushindwa kufika kileleni ni dalili za ugonjwa sawasawa na miguu kulegea. Wanaume wenye MS nao hupata tabu ya uume kusimama.

Mweleze mumeo hivyo, tena mchana, mkiwa mmekaa kwa utulivu, si usiku wakati ameshakugusa nawe umeshajikunyata, maana lolote utakalosema saa ile atalisikia kama kukataliwa. Mwambie pia kwamba MS haiambukizwi. Wapo waume wanaoogopa hilo na hawathubutu kuuliza.

Kisha mshike mkono umwoneshe, taratibu, ni wapi mguso bado unakupendeza, wapi pana ganzi na wapi panauma. Rudieni zoezi hilo mara kwa mara, kwani hisia hubadilika. Ukavu una kilainishi cha maji, kinachouzwa kwenye maduka ya dawa. Uchovu wa MS huzidi kadiri siku inavyosonga, na joto huamsha dalili, kwa hiyo alfajiri yenye feni yaweza kuwafaa kuliko usiku. Kuhusu mkojo, nenda haja kabla, punguza vinywaji saa moja au mbili kabla ya tendo bila kujinyima maji kutwa nzima, na tandika taulo.

Kliniki ijayo nendeni wote wawili. Daktari asipouliza habari za chumbani, anza wewe: sema waziwazi kwamba umepoteza hisia sehemu za siri, na umtajie kila dawa unayomeza, kwa kuwa baadhi ya dawa za sonona hupunguza hamu na kuchelewesha kilele. Usiiache yoyote kabla hamjazungumza naye.